Goti Halijaisha Mafuta

Magofu ya Beit al-Mtoni yako ukingoni mwa bahari, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya njia iendayo Bububu. Humo ndimo alimozaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ametuachia picha moja ambayo mimi, kwa kazi yangu ya kutibu viungo, huikumbuka kila nipitapo hapo. Anamweleza baba yake, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akitembea huku na huko katika roshani kubwa iliyotazama bahari, kainamisha kichwa, kazama katika mawazo. Alikuwa akichechemea. Risasi aliyopigwa vitani ilibaki pajani, na mara nyingi ilimuuma. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukaa akaletewa, umri umeshapita hamsini, mguu una maumivu, na bado anatembea.

Sisemi kwamba Seyyid alikuwa akijitibu; pengine alikuwa akiwaza mambo ya Oman tu. Wala risasi pajani si sawa na goti lililochakaa. Nalikumbuka jambo hili kwa sababu watu wengi wa makamo, wake kwa waume, hufanya kinyume chake. Mguu ukianza kuuma, wanakaa. Wakija kwa mtaalamu, neno lao la kwanza karibu ni moja: “Goti langu limekwisha mafuta.”

Neno hilo lina harufu ya gereji. Tunaliona goti kama bawaba ya mlango au injini ya daladala: lina mafuta yake tangu kuzaliwa, yakiisha yameisha, na chombo kibovu hakiendeshwi. Tena tunayo methali ya kututia nguvu: mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo ilitungwa kumsuta mzururaji asiye na kazi. Sisi tumeigeuza cheti cha daktari.

Tuangalie goti lenyewe. Ukienda buchani ukatazama ncha ya mfupa wa ng’ombe, utaona tabaka jeupe, laini, linalong’aa kama kaure. Hilo ndilo gegedu. Kazi yake ni kuifanya mifupa miwili iteleze bila kukwaruzana. Jambo la ajabu ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, yaani hayo tunayoyaita mafuta, na ute huo hauingii wenyewe. Unapokanyaga, gegedu hubanwa kama dodoki na kutoa maji machafu. Unaponyanyua mguu, hunywa ute mpya. Ni kupwa na kujaa, hatua kwa hatua. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: mkono wa bahari ambao maji hayaingii wala kutoka huwa dimbwi.

Ute wenyewe hutengenezwa kila siku na ngozi nyembamba inayozunguka kiungo, na mwendo ndio unaouzungusha. Ushahidi unao mwenyewe. Ukiamka kwa sala ya Alfajiri, goti limekaza. Ukifika msikitini au ukishazunguka uani mara mbili tatu, limelegea. Hukutia mafuta popote. Umetembea tu.

Basi ni kitu gani kinachoharibika? Mwili wakati wote hubomoa gegedu na kulijenga. Kadiri miaka inavyosonga, ujenzi huzidiwa na ubomoaji: gegedu hupungua, mfupa huota vijinundu pembeni, ngozi ya ndani huvimba. Umri ni sababu moja tu. Kuna uzito wa mwili, jeraha la zamani la mpira wa miguu, urithi, na kazi za kuchuchumaa na kubeba miaka nenda miaka rudi. Wanawake huumia zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na uchakavu huu wa viungo, na kiungo kinachoongoza ni goti, watu milioni 365. Kwa hiyo bibi wa Mtoni anayeshika ukuta akipanda ngazi ana wenzake wengi.

Hata hivyo, si kila goti linalouma limechakaa. Sisi huita yote baridi yabisi, lakini magonjwa ni mbalimbali. Jongo hushika kwa ghafla, mara nyingi kidole gumba cha mguu, usiku, pakawa pekundu na pa moto. Baridi yabisi yenyewe hushambulia vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi ukakamavu hudumu zaidi ya saa nzima. Kuna na chikungunya, homa ya mbu ambayo iligunduliwa kwetu huku huku, katika uwanda wa Wamakonde kusini ya Tanganyika, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Jina lake ni la Kimakonde, na lina maana ya kukunjwa au kupindwa, kwa jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu. Homa hupoa kwa siku chache, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa huendelea kuuma kwa miezi. Ndiyo maana kabla ya zoezi lolote hutangulia uchunguzi.

Tukirudi kwenye goti lililochakaa, mtego wake uko hivi. Linauma, mtu anakaa. Akikaa, misuli ya paja inanyauka. Wiki chache zinatosha hilo kuonekana. Misuli hiyo ndiyo shokapu ya goti: inapokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa. Shokapu ikifa, kila hatua inagonga mfupa moja kwa moja, maumivu yanazidi, mtu anakaa zaidi, uzito unaongezeka. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima watu wazima wanene wenye magoti mabovu, ukaona kila kilo moja waliyopunguza mwilini ililipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua za siku moja.

Wengi huniuliza: hakuna njia ya kulisafisha goti likawa jipya? Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 180. Baadhi waliingizwa darubini gotini, gegedu lao likakwanguliwa au likaoshwa. Wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kujua. Baada ya miaka miwili, waliooshwa na waliokwanguliwa hawakuwa na nafuu yoyote kuwazidi waliodanganyiwa kisu. Huko Denmark, mwaka 2013, wataalamu walianzisha mpango wa mafunzo na mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, na umeenea hadi Kanada, Australia na China kwa sababu watu wanapungukiwa na maumivu na kutembea vizuri zaidi. Vifaa vyake vikubwa ni kiti, kipandio na mkeka.

Vyote hivyo vimo nyumbani mwetu. Tena wengi wetu tuna zoezi ambalo hatulihesabu. Sala tano za faradhi zina rakaa 17. Mwenye kuzisali anashuka kutoka kusimama hadi chini mara 17 kwa siku, na anasujudu mara 34, kabla ya kutia sunna hata moja. Mwenye goti bovu ana ruhusa ya kusali kitini, na hukumu zake waulizwe mashekhe. La kwangu ni la upande wa goti: usikimbilie kiti siku ya kwanza ya maumivu ukakifanya cha milele. Tandika kitu laini chini ya msala, weka kiti mbele ukishikilie unapoinuka, na jipe wiki kadhaa za kutia nguvu mapaja. Wengine hurudi chini.

Mazoezi ninayoanzia ni manne. La kwanza, kaa mkekani umenyoosha miguu, kunja kanga uiweke chini ya goti, kisha igandamize kwa goti ukihesabu hadi tano, legeza. Mara kumi kila mguu. La pili, kaa barazani au kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, uinuke na kukaa polepole mara kumi. Ukishindwa, ongeza mto wa kukalia. Kikao kikiwa juu, kazi hupungua. La tatu, panda kipandio kimoja cha ngazi kwa mguu mbovu na ushuke, mara kumi, mkono ukiwa karibu na ukuta. La nne, shika fremu ya mlango, nyanyua visigino vyote viwili, kisha simama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi. Hilo la mwisho linakinga maanguko. Fanya angalau siku mbili au tatu kwa wiki, na siku zilizobaki tembea.

Kazi za nyumbani nazo zina adabu yake. Mbuzi ya kukunia nazi hukunja goti sana kwa muda mrefu. Sikwambii uiache, ila baina ya nazi na nazi, nyoosha mguu na uukunje mara tano. Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kishikio ukutani, na fundi yeyote anaweza kukiweka. Na kama uko karibu na bahari, ingia. Maji yakifika kiunoni, mwili hupungua uzito kama nusu. Mtu asiyeweza kutembea barabarani ataweza kutembea ndani ya maji.

“Lakini linauma, daktari!” Najua. Yapime maumivu kwa hesabu: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yasiyovumilika. Zoezi likikupeleka hadi tatu, hata tano, si dhambi, mradi kesho yake goti liwe limerudi lilipokuwa. Likiamka limevimba au linauma zaidi, hukukosea kufanya zoezi, ulizidisha. Punguza, usiache. Siku za mwanzo ndizo ngumu, na nafuu ya kweli huonekana baada ya wiki sita hadi nane.

Kuchua nako kuna nafasi yake. Mafuta ya karafuu na ya makonyo yana kemikali inayotia ganzi kidogo, na mkono wa mchuaji hulegeza misuli. Itumie nafuu hiyo kufanya mazoezi, kwa maana hakuna mafuta yanayopenya ngozi yakaenda kujenga gegedu. Vidonge vya maumivu ndivyo vya kuogopa zaidi: kuvimeza kila siku bila kuandikiwa kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo.

Usisubiri mazoezi ikiwa goti limevimba ghafla, ni la moto na una homa. Ikiwa limejifunga halinyooki. Ikiwa mguu hauwezi kubeba uzito baada ya kuanguka. Au ikiwa shavu la mguu limevimba upande mmoja. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vinginevyo, muone mtaalamu wa fiziotherapia, kama wale wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, akupime na kukupangia. Na kwa magoti yaliyofika mwisho kabisa, upasuaji wa kuweka goti bandia upo, hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Aliyeimarisha misuli kabla huinuka kitandani mapema.

Kila Januari 1, Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi, na vikundi vya mazoezi hupita barabarani kwa mbio na nyimbo hadi raha kuwatazama. Mwenye goti bovu asione haya kutokimbia nao. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kuongeza pumzi, na kutembea kunahesabika.

Basi leo baada ya Alasiri, jua likipoa, vaa viatu vyenye soli laini, malapa uyaache mlangoni, na ushike njia ya Bububu. Usihesabu kilomita. Hesabu nguzo za umeme: leo nne, wiki ijayo sita, mwezi ujao kumi. Na katika hesabu yako usisahau za kurudi, kwani wengi wanaoumia huumia kwa nguzo hizo.