Umeme Katika Banda la Ng'ombe: Waya wa Ardhi na Kuunganisha Vyuma

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimezidi kupanda miteremko ya Mlima Meru, hata zikafika penye migomba na mibuni. Mkulima wa Ngaramtoni akiisha kupata taa nyumbani, hutaka taa bandani, na baadaye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe na pampu ya maji. Hayo ni mambo mema. Walakini waya upelekwao bandani mara nyingi ni wa nyuzi mbili tu, nao umefungwa mtini kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi wa tatu, yaani waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, haupo.

Tuseme mashine ya kukatia majani imechakaa, na waya wa moto wagusa ganda lake la chuma. Pasipo waya wa ardhi, mashine yaendelea kuzunguka kama kawaida, nayo imejaa umeme wa volti 230. Hapana dalili yoyote mpaka mtu mwenye miguu mitupu, asimamaye juu ya sakafu yenye maji na mkojo, aishike. Hapo umeme hupita mwilini mwake kwenda ardhini.

Ng'ombe hudhurika upesi kuliko mtu. Mwili wake hauzuii umeme sana, kwato zake zimo katika majimaji, na miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, hata umeme utambaao ardhini hupanda huku ukashukia kule. Volti chache, ambazo mtu mwenye viatu hazisikii, zamshtua. Basi ukiona ng'ombe akataa maji ya hori la chuma, au achezacheza miguu wakati wa kukamuliwa, au agoma kuingia bandani, usimpige. Zima swichi kubwa ya nyumbani, kisha umtazame tena. Akinywa bila hofu, usiwashe umeme wa bandani mpaka fundi aje.

Wengi hudhani kwamba nondo ya shaba ikiisha kupigiliwa kando ya banda, kazi imekwisha. Sivyo. Ikiwa kizuizi cha njia yote ya ardhini ni omu 50, umeme upitao huko ni 230 kugawa kwa 50, yaani ampea 4.6 tu. Sakitibreka ya ampea 20 haitakata kwa umeme mdogo namna hiyo, na mashine itabaki na hatari mchana kutwa. Kwa hiyo yapasa kuwekwa pia swichi ile ambayo mafundi huiita RCD. Swichi hiyo hulinganisha umeme uendao na urudio, na upungufu ukifika miliampea 30 hukata mara moja. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, na isipokata, ibadilishwe.

Udongo wetu watokana na majivu ya volkano. Una rutuba, lakini hupitisha maji upesi, na wakati wa kiangazi tabaka la juu hukauka. Na udongo mkavu haupitishi umeme vema. Nondo ya mita 1.2 iliyotosha wakati wa masika yaweza isitoshe mwezi wa Februari. Yafaa kwenda chini zaidi, au kupigilia nondo mbili na kuziunganisha, zikiachana si chini ya urefu wa nondo moja. Chagua mahali penye unyevu, lakini si katika njia ya ng'ombe, maana itokeapo hitilafu ardhi iliyoizunguka nondo nayo hupata umeme.

Sasa jambo linalosahauliwa kuliko yote. Ndege hutua juu ya waya wa umeme asidhurike, kwa sababu miguu yake yote miwili i juu ya nguvu moja. Ndivyo iwavyo bandani vyuma vyote vikiunganishwa: nguzo, bomba la maji, hori, mabati na ganda la mashine, vyote vifungwe kwa waya wa shaba kwenye waya wa ardhi, ili ng'ombe au mkamuaji asiguse vyuma viwili vyenye nguvu mbalimbali. Anayejenga sakafu mpya ya saruji aweke wavu wa chuma ndani yake na kuuunganisha vilevile. Kuvunja sakafu baadaye ni gharama kubwa. Mkojo wa ng'ombe hula viungio, basi vikaguliwe mara mbili kwa mwaka.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya kumlipa, mwambie apime ardhi kwa chombo mbele yako, na heri apime wakati wa kiangazi.

Mtu akinaswa na umeme bandani, usimshike. Kimbia uzime swichi kubwa kwanza. Isipowezekana, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu, kisha umpeleke hospitali hata akisema hana maumivu.