Mpiga Dawa Amekwenda, Papasi Wamebaki

Mwaka jana nilimlipa mtu apulizie dawa nyumbani kwangu hapa Ziba. Alifika na bomba mgongoni, akazunguka vyumba vitatu kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, akapokea fedha zake, akaenda. Vitanda havikusogezwa. Magunia ya mpunga yalibaki yameegemea ukuta, na kuku wakalala palepale pao.

Mwezi haujaisha, mke wangu, aliyekuwa mja mzito, akashikwa na homa kali. Siku ya nne ikamwachia kwa jasho jingi, tukashukuru. Baada ya juma moja ikarudi. Sisi tulidhani ni malaria, kumbe sivyo! Zahanati walipotazama damu yake kwa darubini, tuliambiwa ni homa ya papasi, na kwamba homa hiyo yaweza kumwua mtoto angali tumboni. Alitibiwa upesi, na leo mama na mtoto ni wazima. Lakini nilijiuliza: fedha yangu ilinunua nini?

Papasi si mgeni kwetu. Katika njia ya misafara, toka Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, wapagazi walilala katika vibanda vyenye sakafu ya udongo, na papasi waliwangoja humo. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, alipekua vibanda vya namna hiyo katika nchi hii. Aliwaona papasi wenye vijidudu vya homa, hata ndani ya mayai yao. Maana yake, papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Mwaka huohuo Mwingereza Dutton alifariki Kongo kwa homa hii aliyokuwa akiichunguza.

Misafara imekwisha, lakini papasi hana haraka. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu bila kuumiza sana, kisha hurudi shimoni kabla hakujapambazuka. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Basi, dawa iliyorushwa katikati ya ukuta yamdhuru nini aliyejificha chini ya gunia?

Kwa hiyo, ukimwita mpiga dawa, fanya hivi:

Kwanza, mwulize kibali chake. Wanaofanya kazi hii kwa malipo hupewa kibali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usikubali dawa iliyomo katika chupa ya soda, isiyo na jina.

Pili, toa vyote nje: vitanda, mikeka, magunia, vyungu na chakula. Matandiko yakung'utwe na kuanikwa juani. Kuku wajengewe banda lao mbali na nyumba.

Tatu, dawa iingie katika nyufa zote, pembe za vyumba na mahali ukuta unapokutana na sakafu. Usiwe na haya kusimama mlangoni na kumwonyesha alipopasahau.

Nne, watoto na waja wazito wakae mbali mpaka dawa ikauke na nyumba ipate hewa.

Tano, baadaye ziba nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri, au kwa saruji kama uwezo upo. Kazi hii ni yako, wala mpiga dawa hataifanya. Wala watu wasilale chini. Vitanda visiguse ukuta.

Na homa ikiondoka kisha ikarudi, usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe damu, ukaseme wazi kwamba nyumbani kuna papasi. Dawa yake ipo.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nusura nichimbe kaburi. Safari hii nilizijaza nyufa kwa mikono yangu, na mke wangu akanishikia taa.