Umebadilisha injini? Uliza moshi unatokea wapi

Gari likizeeka na injini ikaanza kula oili, familia nyingi hazinunui gari jingine. Zinanunua injini iliyotumika kutoka Japani, fundi anaifunga, gari linarudi barabarani. Hapa Ipogolo, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapita chini ya mlima wa Iringa mjini, kazi hiyo si ngeni. Siku ya kuchukua gari, baba huuliza mawili: linavuta? Linakula mafuta kiasi gani? La tatu huulizwa kwa nadra: moshi unatokea wapi?

Mimi ni mwandishi wa afya, si fundi, na swali hilo la tatu ndilo linalonihusu. Petroli isipoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua kama kawaida, kumbe mwili wake unakosa hewa. Wanaoumia mapema ni watoto, wenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito pamoja na aliye tumboni.

Injini iliyotoka kufungwa lazima isetiwe: plagi, taimingi, na uwiano wa hewa na petroli. Huku kwetu hilo la mwisho lina uzito wake. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Pwani. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam, ikishapanda Kitonga na kufika hapa, inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi na sumu inaongezeka. Injini yenye kompyuta hujirekebisha, ila kama sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi imeunganishwa. Ikiachwa inaning'inia kwa madai kwamba haina kazi, au masega yanayosafisha moshi yakishauzwa, faida hiyo imekwisha.

Hata hivyo moshi huo ungeishia nyuma ya gari kama bomba lingekuwa zima. Mara nyingi bomba la zamani halikai sawasawa na injini iliyoletwa. Linakatwa, linachomelewa, na gasketi iliyochoka inarudishwa palepale. Matundu ya nyaya kati ya injini na chumba cha abiria yanabaki bila raba. Sasa weka baridi ya Julai, vioo vimefungwa, watoto wamelala kiti cha nyuma. Au buti imeachwa wazi kwa sababu ya magunia ya viazi, na upepo unaurudisha moshi ndani.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida. Wengi husema ni safari, au wanakimbilia kupima malaria. Mzazi aangalie jambo moja: je, wanaumwa wote waliokuwa garini, na wanapata nafuu wakishuka? Zima gari, washushe wote, wapate hewa safi. Aliyezimia au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja, kwa gari jingine, na daktari aambiwe kuhusu moshi. Kipimo kile cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati haiko, kwa hiyo maelezo yako ndiyo yatakayomfanya aagize kipimo sahihi cha damu.

Kwa fundi, omba bomba likaguliwe injini ikiwa imepoa, kuanzia kwenye injini hadi mwisho, na gasketi iwe mpya. Masizi meusi pembeni ya kiungo yanaonyesha panapovuja. Kisha lirudishe gari baada ya wiki moja ya kulitumia, kwa sababu nati za bomba hulegea kwa kupata moto na kupoa, na siku ya kwanza huwezi kuona hilo.