Vazi la Kinga: Jifunze Kabla ya Kuingia kwa Mgonjwa

Ndugu msaidizi wa hospitali, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo waliliona sana vazi lile linalofunika mwili wote. Wengi waliliogopa. Lakini hata mwenye kulivaa ana hatari yake.

Vazi hili halipitishi maji, na jasho lako halikauki. Joto linabaki ndani. Miwani inaingia ukungu, kichwa kinazunguka. Ndiyo maana unajifunza kwanza na vazi safi, mahali pasipo na mgonjwa: kuinama, kushika chupa na glavu mbili, kuonyeshana na mwenzako kwa mikono. Ukisikia kizunguzungu, toka. Hapana kujikaza.

Kuvaa si kazi kubwa. Kuvua ndiyo kazi, maana uchafu wote uko nje ya vazi, nawe umekwisha kuchoka. Mwenzako anasimama mbali kidogo, anakutajia hatua moja moja. Kila hatua osha glavu kwa maji ya klorini. Vazi unalikunja kutoka juu kwenda chini, upande wa ndani utokee nje. Hapana kugusa uso, hata ukiwashwa namna gani! Glavu za ndani zinatoka mwisho, kisha unanawa mikono.