Fangasi kwa mtoto aliyeungua moto: siyo mchezo!

Wadau, tukisikia fangasi wengi tunawaza miguu kuwasha tu. Kumbe kwa mtoto aliyeungua vibaya wanaweza kuua. Ngoja niwape mchapo.

Ngozi ndiyo ukuta wetu. Ikiungua, nyama iliyokufa inabaki na unyevu, fangasi wanapata shamba. Kandida tunaishi nao tumboni, aspajilasi wanapeperuka na vumbi. Halafu mtoto anapewa antibaotiki kali: bakteria wanakufa, fangasi wanabaki kutamba, maana dawa hizo haziwagusi kabisa. Ndiyo maana mara nyingi wanaibuka baada ya wiki ya kwanza.

Kinga kubwa ni kuondoa mapema nyama iliyokufa na kupandikiza ngozi. Ila fangasi wakiwahi, hata ngozi mpya inaharibika, mtoto anarudi tena chumba cha upasuaji na kuanza dawa za fangasi.

Kwa hiyo ukimuuguza mdogo wako, ukaona kidonda kinageuka cheusi au homa haishuki licha ya dawa, mwambie nesi siku hiyohiyo.

Na mtaani kwetu bado nawaona wanaopaka tope na kinyesi cha ng'ombe. Jamani, huko ni kupanda vijidudu! Maji safi ya baridi yatiririke dakika 20, kisha hospitali.

Huko kwenu wanapaka nini? Semeni hapo chini.