Duara Mikononi mwa Mwanafunzi

Aghalabu mwalimu wa hesabu, afikapo kwenye somo la duara, huandika ubaoni kwamba mzingo ni kipenyo mara pai, na kwamba pai ni 22/7, wanafunzi wakanakili na kukariri. Na kanuni hiyo, kwa kuwa imeingia kwa sikio peke yake, haikawii kutoka. Naona ni haki ya mtoto kuikuta nisba hiyo kwa mikono yake kabla ya kuambiwa jina lake.

Vyombo vyake havina gharama: uzi, rula, na vitu vya duara vilivyomo nyumbani. Mtoto auzungushie uzi ukingo wa sahani, aukate unapokutana, aunyoshe juu ya rula. Kisha apime kipenyo, yaani upana upitao katikati, na augawe mzingo kwa kipenyo hicho. Gurudumu la baiskeli halihitaji hata uzi: litiwe alama ya chaki, lisukumwe mchangani mzunguko mmoja, upimwe mwendo wake. Sahani ya kipenyo cha sentimita 21 itampa mzingo wa kama 66, na kikombe cha sentimita 7 kitampa kama 22. Naye atastaajabu kuona vitu visivyolingana kwa ukubwa wala kwa kazi vikitoa jawabu moja, tatu na ziada kidogo. Huyu atapata 3.1, yule 3.2, kwa kuwa uzi huvutika na jicho huteleza. Mwalimu asiwakemee, bali ayaandike majawabu yote na kuyatafutia wastani, ili wajue kuwa kila kipimo kina kadiri ya kosa lake.

Wanachuoni nao waliikaribia hakika hatua kwa hatua. Archimedes wa Syracuse alilibana duara baina ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na moja nje, akathibitisha kwamba nisba hiyo yazidi 3 na 10/71 na yapungua 3 na 1/7, ambayo ndiyo 22/7 ya madaftari yetu. Kwa hiyo 22/7 imezidi kidogo, jambo ambalo wanafunzi wachache huelezwa. Al-Kashi, huko Samarkand mwaka 1424, aliifikisha tarakimu 16 baada ya nukta.

Ama eneo, duara la karatasi na likatwe vipande 16, kama ukatwavyo mkate wa kumimina, vipangwe kimoja ncha juu na kimoja ncha chini; litatokea umbo lililokaribia mstatili, urefu wake nusu ya mzingo na upana wake nusukipenyo, na mtoto azidishapo hivyo viwili amekwisha kuipata kanuni. Vikiwa 32, kingo zitazidi kunyooka.