Ngome na Kaburi la Agra

Ukijaliwa kuuzuru mji wa Agra katika Bara Hindi, anzia kwenye ngome ya mawe mekundu ya Mfalme Akbar. Humo mjukuu wake, Shah Jahan, alifungwa na mwanawe Aurangzeb mwaka 1658, akakaa kifungoni hata kufa kwake mwaka 1666. Toka ngomeni aliiona, kando ya mto Yamuna, Taj Mahal, jengo la marumaru nyeupe alilomjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki katika uzazi mwaka 1631. Kisha nenda ukaingie jengo hilo. Kuume na kushoto yote yamelingana. Kaburi la mke li katikati hasa. La mume li pembeni, nalo tu halina mwenziwe. Aliyeamuru yote yajengwe alilazwa palipobaki nafasi.